Kikombe cha Saa Kumi Jioni

Kwa miaka kumi na minne ambayo nimefundisha kemia katika shule moja ya upili hapa Nakuru, nimekuwa na desturi ya kupitia mtaa wa Bondeni ninapotoka kazini, saa kumi jioni, kunywa kahawa. Yupo mzee mmoja anayeweka jiko lake la makaa kwenye kibaraza cha duka lisilofunguliwa tena, dele la shaba juu yake, ndoo ya maji ya kuoshea finjani kando, na sahani ya kashata za njugu iliyofunikwa kwa kitambaa cheupe. Kahawa yake ni chungu, imechemka na tangawizi mpaka harufu yake inakupokea ukiwa bado ng'ambo ya barabara. Wanaoketi hapo ni madereva, washonaji, wastaafu wa reli na wazee waliotoka kuswali alasiri, na mazungumzo yao huanza na bei ya mafuta yakaishia kwa jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Finjani mbili nilizokuwa nikinywa hapo sikuwahi kuzitia katika hesabu ya kahawa niliyokunywa siku hiyo, kwa kuwa machoni pangu yalikuwa mapumziko tu.

Hesabu yenyewe, kama ningeifanya, ingenishtua. Nilikunywa kikombe kikubwa nyumbani kabla ya kutoka, kingine katika majilisi wakati wa mapumziko ya saa nne (nikibeba kahawa ya buni katika chupa yangu, maana ile ya kopo inayoyeyuka kwenye maji ya moto siiwezi), na cha tatu baada ya chakula cha mchana ili nisisinzie mbele ya kidato cha tatu. Usiku, nilipokuwa na karatasi za kusahihisha, nilijitayarishia kingine. Nililala saa sita, nikaamka nimechoka, nikautibu uchovu kwa kahawa, na sikuona ajabu yoyote katika mpango huo.

Mwaka jana, muhula wa pili ukielekea ukingoni, niliugua homa ya matumbo. Zahanati moja ya mtaani ilinipima, ikanipa vidonge vya siprofloksasini, nami nikaenda zangu. Aliyenipa dawa hakuniambia neno kuhusu kahawa, na mimi, mtu ambaye huwagombeza wanafunzi kwa kutosoma maagizo ya jaribio kabla ya kuwasha moto, sikuikunjua hata ile karatasi iliyomo ndani ya pakiti. Niliendelea na vikombe vyangu kama kawaida, tena nikaongeza kimoja kwa sababu ugonjwa ulikuwa umenilegeza. Usiku wa tatu niliamka saa nane, moyo ukinidunda kama mtu aliyepanda Menengai mbio, viganja vimelowa jasho, vidole vikitetemeka hata nikashindwa kufungua kifuniko cha chupa ya maji. Niliketi ukingoni mwa kitanda nikiisikiliza filimbi ya mlinzi ikipita mtaa wa pili, nikaamini kwamba ugonjwa umenipanda kichwani.

Kulipokucha mke wangu alimpigia simu dada yake, ambaye ni mfamasia Kisumu. Hakuniuliza habari za homa.

“Shemeji,” akasema, “jana umekunywa kahawa vikombe vingapi? Usinifiche.”

Nilipomtajia, alinyamaza kidogo, kisha akanieleza kwamba kafeini huvunjwavunjwa na kimeng'enya fulani cha ini, na kwamba siprofloksasini hukizuia kimeng'enya hichohicho kufanya kazi yake. “Kwa hiyo kikombe cha leo asubuhi kinakikuta cha jana bado kimekaa sebuleni,” akasema. Aliniagiza nimalize dawa kama nilivyoandikiwa, kahawa niiache kabisa mpaka nimalize, na moyo ukizidi nirudi hospitali bila kungoja. Nikaiacha siku ileile.

Siku ya pili kichwa kilianza kuniuma nyuma ya macho, maumivu mazito ambayo hayakusikia dawa ya kawaida, nikawa mkali hata kwa mtoto aliyeniomba nimchongee penseli. Hilo nalo lina maelezo yake. Ubongo unapofanya kazi tangu asubuhi, hukusanya kemikali iitwayo adenosini, ambayo hukaa katika vipokezi vyake na kuuambia mwili kwamba sasa umechoka, upumzike. Kafeini ina umbo linalokaribiana na la adenosini kiasi cha kuweza kukikalia kiti chake bila kutoa ujumbe wowote, kama abiria anayeweka mfuko kwenye kiti cha matatu ili mwingine asiketi. Uchovu wenyewe haujaondoka. Umesimama mlangoni unangoja. Mtu anapokunywa kahawa nyingi kila siku, mwili huongeza viti, na siku anapoiacha ghafla, adenosini huvijaa vyote kwa pamoja, mishipa ya damu ya kichwani ikatanuka, na kichwa kikaanza kugonga. Kwa kawaida maumivu hayo huanza kati ya saa 12 na 24 baada ya kikombe cha mwisho, huwa makali zaidi siku ya kwanza au ya pili, na huweza kuendelea hadi siku tisa. Mimi yalinitoka siku ya tano. Anayetaka kupunguza kahawa asifanye kama nilivyofanya, labda awe na sababu kama yangu. Apunguze nusu kikombe kila baada ya siku mbili tatu, na huenda asisikie kitu.

Nilipopona, swali likawa ni kurudi au kutorudi, na hapo ndipo nilipoanza kusoma kwa makini. Nilitarajia kukuta kwamba kahawa ni adui, nikakuta karibu kinyume chake. Mwaka 2017 jarida la madaktari wa Uingereza, BMJ, lilichapisha uchambuzi uliokusanya matokeo ya chambuzi 201 zilizotangulia, na picha iliyojitokeza ni kwamba wanaokunywa vikombe vitatu hadi vinne kwa siku walikuwa na uwezekano wa kufariki, kwa sababu yoyote ile, ulio chini kwa asilimia 17 kuliko wasiokunywa kabisa. Kisukari cha aina ya pili kilionekana kuwa kichache kwao, na ini, ambalo watu wengi hudhani linachoshwa na kahawa, ndilo lililoonekana kunufaika waziwazi: makovu ya ini na saratani ya ini huonekana kwa nadra zaidi miongoni mwa wanywaji. Lakini kama mwalimu wa sayansi sina budi kusema kwamba sehemu kubwa ya ushahidi huu inatokana na kuwafuatilia watu jinsi wanavyoishi, bila kuwagawa kwa kura na kuwapangia nani anywe na nani asinywe. Huenda mtu anayeweza kunywa vikombe vinne ni mtu ambaye tayari ana afya, na mgonjwa aliiacha kahawa kwa sababu ya ugonjwa wake. Ndiyo maana simshauri mtu yeyote asiyekunywa kahawa aanze kunywa kama dawa. Kwa anayeipenda, inatosha kujua kwamba anaweza kuendelea bila hofu, mradi anywe kwa kiasi.

Neno hilo kiasi ndilo lililonisumbua. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilitamka mwaka 2015 kwamba mtu mzima mwenye afya anaweza kupata hadi miligramu 400 za kafeini kwa siku bila wasiwasi, na zisizidi 200 kwa mara moja. Sasa vikombe vitatu, vikombe vinne: vikombe vya nani? Jumamosi moja nilikileta kikombe changu kikubwa maabarani, nikakijaza maji na kuyamimina katika silinda ya kupimia. Mililita 350. Finjani niliyoiazima kwa yule mzee wa Bondeni ilitoa mililita 70. Yaani tunaviita kwa jina moja vyombo viwili ambavyo kimoja kinakimeza kingine mara tano, kisha tunasoma gazetini kwamba vikombe vinne ni salama, na kila mmoja anahesabu kwa chombo chake. Kahawa ya buni iliyochujwa kwa namna ya kawaida huwa na takriban miligramu 95 katika kikombe cha mililita 240, kwa hiyo kikombe changu kilikuwa na kama 140. Vinne kwa siku ni 560, kabla hata sijafika Bondeni. Kahawa ya kopo huwa na pungufu, takriban 60 kwa kikombe. Aina ya buni nayo ina neno lake, kwa maana robusta huwa na kafeini karibu maradufu ya arabika. Hapa kwetu tunalima arabika zaidi, lakini pakiti ya dukani huweza kuwa mchanganyiko, na inafaa kusoma ubavuni mwake.

Hata baada ya hesabu hiyo, bado ningekuwa nimekosea kama ningeishia kwenye wingi tu, kwa sababu wingi nilikuwa nimekwisha kuupunguza na usingizi haukurudi. Nilikuwa nimebaki na vikombe viwili vya asubuhi na finjani zangu mbili za saa kumi, jumla isiyofika hata miligramu 400, na bado saa sita usiku nilikuwa nikihesabu mabati. Shemeji ndiye aliyenielekeza kwenye saa. Katika mwili wa mtu mzima mwenye afya, kafeini huchukua takriban saa tano kupungua hadi nusu, ingawa tofauti kati ya mtu na mtu ni kubwa. Tuseme finjani mbili za mzee zina miligramu 100. Saa kumi jioni zinaingia. Saa tatu usiku, ninapopanda kitandani siku nisiyosahihisha, bado 50 zinazunguka. Saa nane usiku zimebaki 25. Watafiti wa Marekani waliwapa watu miligramu 400 zikiwa zimebaki saa sita nzima kabla ya kulala, na matokeo waliyoyachapisha mwaka 2013 yalionyesha kwamba hata kwa pengo hilo usingizi ulipungua kwa zaidi ya saa moja. Kipimo chao kilikuwa kikubwa kuliko changu, nakiri, lakini ini langu nalo halikuahidi kufanana na la mtu mwingine.

Ndugu yangu mdogo hunywa kahawa baada ya chakula cha jioni na kukoroma kabla vyombo havijaoshwa, na kwa miaka mingi alinicheka kwa hilo. Tofauti hiyo ni ya kurithi kwa sehemu: wapo ambao kimeng'enya chao ni chepesi na wapo ambao chao kinajikokota. Tena hubadilika kwa mambo ya maisha. Moshi wa sigara hukiharakisha, na ndiyo sababu anayeacha sigara huweza kushangaa kwamba kahawa ileile imeanza kumtetemesha. Vidonge vya kupanga uzazi hukichelewesha. Mimba hukichelewesha zaidi, hata katika miezi ya mwisho kafeini huweza kuchukua saa 15 kupungua nusu, na huko ndiko inakotoka nasaha kwamba mjamzito asizidishe miligramu 200 kwa siku. Wanafunzi wangu wa kidato cha nne, ambao hukesha kwa kahawa na vile vinywaji vya makopo vya kuongeza nguvu majuma ya mtihani, huwaambia hesabu tu: kafeini isizidi miligramu 3 kwa siku kwa kila kilo ya uzito wako, na wewe una kilo 50. Wengine huitikia, wengine hunitazama wakiona chupa iliyo mezani pangu.

Jambo ambalo sikulitafuta, nalo likaniingia zaidi ya yote, ni joto. Mwaka 1991 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka kahawa katika kundi la vitu ambavyo huenda vinaleta saratani ya kibofu. Mwaka 2016 wataalamu 23 walikutana Lyon, Ufaransa, wakapitia zaidi ya tafiti elfu moja, na kahawa ikaondolewa katika kundi hilo. Katika kikao hichohicho, hata hivyo, walikiweka kinywaji chochote kinachonywewa kikiwa na joto linalozidi nyuzi 65 za selsiasi katika kundi la vitu ambavyo yaelekea vinaleta saratani ya umio, yaani ile njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni. Kiwe kahawa, chai, maziwa au maji matupu, kosa ni moto unaouunguza utando ule kila siku, siku baada ya siku. Kwetu hili si habari ya mbali. Saratani ya umio ni miongoni mwa saratani zinazosumbua sana Bonde la Ufa na magharibi mwa Kenya, na watafiti walipowahoji wagonjwa wa Eldoret na kuwalinganisha na watu wasio na ugonjwa huo, waliwakuta wanaopenda vinywaji vya moto sana wakiwa katika hatari zaidi. Tumbaku na pombe vina sehemu yao, sikatai. Lakini nimekulia katika nyumba ambamo chai isiyounguza ulimi ilirudishwa jikoni, na mgeni aliyeipuliza sana alitaniwa.

Basi jioni moja nilikwenda Bondeni na kipimajoto cha maabara katika mfuko wa shati. Nakuru iko katika kimo cha kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yetu huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na nilijidanganya kwamba hilo pekee linatuokoa.

“Mwalimu, leo umekuja kuitibu kahawa yangu?” mzee akaniuliza alipoona kile kijiti cha kioo.

Nikamwomba aimimine kama anavyoimimina siku zote. Alilinyanyua dele, kamba nyembamba ya kahawa ikashuka kwa mkunjo wake bila kudondosha tone, finjani ikajaa hadi unywele mmoja chini ya mdomo. Nyuzi 82. Mshonaji aliyeketi karibu yangu alikuwa amekwisha kupiga funda la kwanza la yake. Baada ya dakika tatu yangu ilisoma 70. Ilipofika dakika ya tano, 63. Nikaonja. Ilikuwa na moto wa kutosha kabisa kwa mtu anayetaka kinywaji cha moto, na tangawizi, ambayo kwa kawaida hupotea katika kuungua, niliisikia kwa ladha yake. Mzee alikichukua kipimajoto, akakigeuzageuza, akasema kwamba baba yake alimfundisha kuwa mteja apewe kahawa na habari, na habari ikiwa ndefu kahawa hupoa yenyewe. Nyumbani nilirudia jaribio kwa chai ya maziwa katika kikombe kikubwa na ilichukua dakika kumi na mbili. Siku hizi kwangu chai humiminwa kwanza, kisha ndipo mkate hukatwa.

Kahawa ya kuchemshwa kama ya Bondeni ina jambo jingine, ingawa dogo kwa anayekunywa finjani moja mbili. Mafuta ya asili ya buni, yaitwayo kafestoli na kahweoli, huongeza kolesteroli mbaya katika damu, na chujio la karatasi huyazuia karibu yote. Aliyeambiwa kwamba kolesteroli yake imepanda na anakunywa kahawa ya kuchemsha kutwa, abadilishe namna ya kuipika kabla ya kuilaumu nyama peke yake. Kuhusu sukari nitasema kwa ufupi, maana kila mtu anajua na hakuna anayesikia: vijiko vinne katika kikombe, vikombe vitatu kwa siku, ni takriban gramu 48, ilhali Shirika la Afya Duniani lingependa tusizidi kama 25. Faida zote za kahawa zilizotajwa huko juu hazikuhesabiwa katika sharubati.

Mwezi Desemba tulikwenda kwa wakwe, katika miteremko ya Mlima Elgon, Kaunti ya Bungoma. Baba mkwe ana mibuni ambayo ameitunza tangu ujana wake, na kazi yake naijua: kuchuma matunda mabivu peke yake, kuyapeleka katika kiwanda cha ushirika kabla jua halijazama, na yale yaliyokaukia mtini kuyatenga, ambayo huuzwa na ganda lake kwa jina la mbuni na kwa bei ya chini. Katika miaka yote hiyo hajawahi kunywa kahawa.

“Mwanangu, ile ni karo,” aliniambia nilipomuuliza sababu.

Nilimwelewa. Kahawa iliingia Kenya mwaka 1893, wamisionari wa Kifaransa walipoipanda Bura katika milima ya Taita, na kwa muda mrefu Mwafrika alikatazwa kuilima mwenyewe, mpaka miaka ya 1930 alipoanza kuruhusiwa katika sehemu chache kama Kisii na Meru. Ilikuja kama zao la kuuzwa ng'ambo, na hata leo sehemu kubwa kabisa ya tunayolima husafirishwa nje, sisi tukabaki na chai. Asubuhi moja nilikaanga viganja viwili vya buni zake katika sufuria juu ya kuni, nikikoroga bila kupumzika hadi zikapasuka kwa sauti ya bisi, nikazitwanga, nikazichuja. Alikunywa nusu, akanishukuru kwa adabu, akaomba chai.

Mama mkwe ndiye aliyenifanya nifikiri. Ana shinikizo la damu, na kliniki imemwambia pia kwamba damu yake ni pungufu. Kahawa ameikataa kwa ajili ya presha, na kwa sababu hiyo anajiona amejilinda, ilhali anakunywa chai ya rangi vikombe sita kwa siku, kimoja baada ya kila mlo na vingine katikati. Majani ya chai yana kafeini vilevile, takriban nusu ya ile ya kahawa kwa kikombe. Kwa presha yenyewe, miligramu 200 hadi 300 za kafeini kwa mara moja huweza kupandisha kipimo cha juu kwa takriban 8 na cha chini kwa 6 kwa muda wa saa tatu hivi, ingawa kwa waliozoea kunywa kwa muda mrefu haijaonekana kwamba presha hupanda na kukaa huko. La muhimu ni kutokunywa nusu saa kabla ya kupimwa, maana kipimo kitamdanganya daktari, na mtu ataongezewa vidonge kwa sababu ya kikombe.

Lakini damu ndiyo iliyonishughulisha. Jaribio lililochapishwa mwaka 1983 lilionyesha kwamba kikombe cha kahawa pamoja na chakula kilipunguza ufyonzwaji wa madini ya chuma kwa asilimia 39, na chai kwa asilimia 64. Kahawa iliyonywewa saa moja kabla ya kula haikudhuru. Iliyonywewa saa moja baadaye ilizuia sawa na iliyonywewa mezani. Chuma cha mboga na nafaka ndicho kinachozuiwa zaidi, na mama mkwe hula mnavu, mgagani na maharagwe, vyakula ambavyo kliniki ilimsifia. Anavipika vizuri, anavila, kisha anavifuatisha na chai. Nilimweleza jikoni tukichambua mboga, nikimwomba asogeze chai mbali na mlo kwa saa mbili hivi na amwambie daktari wake.

“Kwa hiyo chai si mbaya,” akasema, “ila inakuja kabla ya kuitwa.”

Sijapata maneno mafupi kuliko hayo ya kuyaeleza niliyojifunza mwaka mzima.

Mimi sasa nina vikombe viwili, na vya kawaida, kwa maana kile cha mililita 350 kimekuwa cha kuwekea kalamu. Cha kwanza nakinywa asubuhi saa moja hivi, kabla ya kula, na cha pili saa nne, na baada ya saa sita mchana sinywi kahawa wala chai ya majani. Majuma mawili ya kwanza mchana ulikuwa mrefu mno, na kipindi cha saa nane nilikifundisha nikitembea huku na huko ili nisisinzie. Kisha usingizi ukaja, saa nne usiku bila kubembelezwa, na kile kikombe cha baada ya chakula cha mchana, ambacho nilidhani siwezi kufundisha bila hicho, kikasahaulika. Mwezi wa kusahihisha mitihani nilivunja kanuni mara mbili, na mara zote mbili nililipa deni saa nane usiku, macho makavu darini.

Bondeni sijaacha kwenda. Jioni ya kwanza nilipomwambia mzee kwamba kahawa ya saa kumi basi, aliniangalia kwa muda, akatoa sufuria ndogo chini ya meza, akapondea tangawizi ndani yake, akaongeza iliki na maji, akaiweka pembeni mwa makaa. Sasa huipika kila siku kabla sijafika, na wastaafu wawili wa reli wameanza kuiagiza. Huimimina kutoka juu vilevile kama kahawa, katika finjani ileile, nami naingoja dakika tano. Bei yake ni ile ile, shilingi kumi. Nilipomtania kwamba sasa anauza maji, alinijibu kwamba makaa hayajui tofauti.